Darasa la WhatsApp la siku 21 za "simulizi za washindi": nimelipa elfu 15, haya ndo niliyoyakuta

Niseme mapema kabisa, sijalipwa na mtu na wala sina ugomvi na mtu. Elfu kumi na tano nimetoa mfukoni kwangu, nikatuma kwa M-Pesa, na jina la darasa silitaji maana kocha mwenyewe anayeliendesha ni kijana wa watu anatafuta riziki kama mimi. Ila tangu niweke skrinishoti ya hilo darasa kwenye stetasi kila mtu ananiuliza "vipi lile darasa, nijiunge?" basi naandika mara moja hapa mniache nishone.

Nyota 3 kati ya 5. Hiyo ya tatu ni ya siku ya 9 peke yake, ntawaeleza.

Linavyokwenda ni hivi, ukishalipa unaingizwa kwenye grupu la watu mia mbili na kitu, admini pekee ndo anaposti, kila alfajiri saa 11 inadondoka voisi ya dakika 15 mpaka 20 inayosimulia maisha ya mtu mmoja aliyefanikiwa, leo mwanamichezo kesho mfanyabiashara, jioni unapewa "swali la tafakari" ulijibu mwenyewe kwenye daftari. Kwangu mimi hiyo imekaa vizuri sana, ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na hii miezi ya Desemba na Januari macho na mikono vyote viko kwenye kitambaa, kinachobaki wazi ni masikio tu. Bando haliliki. Sauti ya kocha nzuri, anajua kupandisha na kushusha, ingawa siku ya 4 kuna jogoo aliwika humo ndani dakika nzima mpaka binti ninayemfundisha kazi akatoka nje kuangalia kama kuku wetu kafunguliwa.

Hiyo saa 11 alfajiri nayo ni ya kwenye tangazo. Wiki ya kwanza sawa, baadaye ikawa saa nne asubuhi, saa sita, siku moja usiku zikaja mbili kwa mpigo, na siku ya 16 haikuja kabisa mpaka leo, tumeambiwa ni mtandao. Kocha aliyefungua darasa kwa kutuhubiria nidhamu ya muda.

Sasa tuje kwenye simulizi zenyewe maana ndo nilichonunua.

Siku ya kwanza ni Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa Kenya, na ukweli ilinisisimua, ile Vienna Oktoba 2019 alipokimbia marathoni, kilomita 42 na ushee, kwa saa moja na dakika 59 na sekunde 40, kocha anaisimulia utadhani alikuwa amekaa kwenye gari la mbele. Lakini sikiliza alivyoipanga: kijana maskini wa Nandi, anaamka mapema, anaamini, paap, Vienna. Mimi nikawa najiuliza katikati hapo pameenda wapi? Maana Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 tangu 2003 pale Paris, bado kinda wa miaka 18, akawapiga vigogo El Guerrouj wa Morocco na Bekele wa Ethiopia siku moja. Halafu Olimpiki ya 2004 akapata shaba, 2008 fedha, na 2012 akakosa kabisa nafasi kwenye timu ya Kenya ya kwenda London. Yani mtu alishakuwa juu, miaka tisa baadaye anaachwa nyumbani, ndo akahamia marathoni, Hamburg 2013. Kwangu mimi hapo pa 2012 ndo pana darasa lenyewe, alikaa vipi na aibu ile, nani alimwambia jaribu barabarani. Kocha kapita juu juu kama mtu anaruka dimbwi.

Na huo ndo ugonjwa wa darasa zima. Wanakuonyesha gauni kwa mbele tu, limepigwa pasi, limevalishwa sanamu. Mimi fundi bwana, nikipewa gauni kitu cha kwanza naligeuza ndani nione mshono.

Mfano mwingine, siku ya John Stephen Akhwari. Mnaijua wote, mkimbiaji wetu kwenye marathoni ya Olimpiki, Mexico City 1968, kaanguka, goti limeumia vibaya, kafungwa bandeji, kaingia uwanjani giza limeshaingia na Mamo Wolde wa Ethiopia kashashinda zaidi ya saa moja iliyopita, halafu anaulizwa kwa nini hukuacha, anajibu nchi yangu haikunituma kuja kuanza mbio, ilinituma kuzimaliza. Kila nikisikia machozi yananilenga, sifichi. Sasa kocha akamalizia na "hakuwa na kipaji kikubwa lakini alikuwa na moyo". Hapana! Nilisimamisha mashine. Yule mzee wa Mbulu alikuwa mkimbiaji wa kweli kweli, 1970 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola pale Edinburgh alishika nafasi ya tano kwenye marathoni. Ya tano, haijafika hata miaka miwili tangu aumie. Mexico iko juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, watu kibao waliachia njiani siku ile. Ukimfanya Akhwari kuwa mtu wa huruma tu aliyejikokota, unamnyima heshima yake, na sisi unatufundisha kuwa kushika mkia na bandeji ndo ushujaa wetu Watanzania.

Filbert Bayi, mkimbiaji wetu mwingine, ndo nilimsubiri kwa hamu kuliko wote. Christchurch kule New Zealand, michezo ya Jumuiya ya Madola, Februari 1974, mita 1,500. Hapa nampa kocha maua yake, alieleza mbio zenyewe vizuri, kwamba enzi zile wenzake walikuwa wanabanana pamoja wanasubiriana mzunguko wa mwisho wachomoke, Bayi yeye akaondoka kwa kasi tangu mwanzo akawaacha mbali, John Walker wa New Zealand akamfukuza mpaka mwisho hakumpata. Dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia, na hata Walker wa pili naye alikimbia ndani ya rekodi ya zamani! Rekodi ya michezo ile ya Jumuiya ya Madola ilikaa mpaka 2022, hesabuni wenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Halafu kocha akakata hapo, "Bayi aliamini, wewe je?"

Kaka yangu, Bayi wa baada ya hapo ndo mtamu. 1976 Olimpiki ya Montreal dunia nzima ilikuwa inasubiri Bayi na Walker warudiane, nchi za Afrika zikagoma kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, Tanzania ikawemo kwenye mgomo, Bayi hakukimbia, Walker akachukua dhahabu. Mtu hujazembea, na mlango umefungwa kwa jambo kubwa kuliko wewe tena jambo la haki. Unafanyaje? Yeye 1980 kaenda Olimpiki ya Moscow kwenye mbio nyingine kabisa, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, karudi na fedha. Baadaye yeye na mkewe wakaanzisha shule, ipo Kibaha huko watoto wanasoma. Mimi mwaka juzi shule moja kubwa niliyokuwa naishonea ilibadilisha rangi ya sare likizoni bila kuniambia, nimebaki na marobota mawili ya kitambaa cha zamani. Hakuna kuamini kokote kungenisaidia pale. Stori ya kuhama kutoka 1,500 kwenda kwenye viunzi ndo ningeitaka siku ile, na nililipia, na sikupewa.

Za wafanyabiashara ndo dhaifu zaidi. Ya Said Salim Bakhresa ilikuwa dakika 11 tu, aliacha shule na miaka 14, akauza viazi, akafungua mgahawa, halafu ghafla tuko kwenye maboti ya Azam na televisheni. Kutoka mgahawani mpaka kwenye mikate na vinu vya unga kuna miaka ya kuhesabu gunia kwa gunia hapo, na sisi wenye vibanda hicho ndo tunachotaka kusikia, sio boti. Ya marehemu Reginald Mengi, yule mwenye IPP, ilikuwa ndefu kidogo, ile ya kuunganisha kalamu nyumbani kwake, na kocha akatumia hapo hapo kutuhamasisha "acha ajira, choma daraja nyuma yako". Lakini Mengi hakuchoma daraja lolote! Alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza, yuko Coopers & Lybrand, kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu, mshahara unaingia, ndo huku pembeni anaunganisha kalamu. Jirani yangu tuliyejiunga naye, ana kibarua chake kizuri cha stoo, alishaanza kuandika barua ya kuacha kazi siku ile ile. Nikamwambia dada hebu kaa kwanza.

Wa Marekani sitawamaliza. Michael Jordan wa mpira wa kikapu eti "alifukuzwa timu ya shule kwa kukosa kipaji", ilhali aliwekwa kwenye timu ya wadogo mwaka mmoja, na kule akawa anacheza kila siku. Mzee Sanders wa KFC, ile migahawa ya kuku wa kukaanga, tumeambiwa alianza uzeeni akiwa hana kitu wala hajui kitu, kumbe kuku alikuwa anawapikia wasafiri pale Corbin, Kentucky, tangu 1930, barabara kuu mpya ndo ilikuja kupita mbali na mgahawa wake. Miaka zaidi ya ishirini ya kukaanga, hiyo sio kuanza bila kujua kitu.

Haya, siku ya 9.

Siku ya 9 kocha alikuwa na msiba, Mungu amrehemu marehemu, akamwachia darasa dada mmoja mwalimu wa michezo wa sekondari. Hakupandisha sauti wala kuweka muziki wa kinanda nyuma. Alimsimulia Faith Kipyegon, mkimbiaji wa Kenya. Dhahabu ya mita 1,500 Olimpiki ya Rio 2016, mtoto Juni 2018, 2019 anarudi mashindano ya dunia Doha anapata fedha, na yule mwalimu akasimama hapo hapo kwenye fedha, akasema wengi tunaruka mwaka huu, mimi nataka tukae humu. Akaeleza mwili baada ya kujifungua unaanzaje upya, kutembea kwanza, halafu kukimbia taratibu, na kuwa kambi ya mazoezi ya Kaptagat, Kenya, unakaa wiki nzima na mtoto yuko nyumbani. Ndo baadaye zikaja dhahabu za Olimpiki Tokyo na Paris, na ile Florence 2023 alipokimbia mita 1,500 chini ya dakika 3 na sekunde 50, mwanamke wa kwanza. Halafu akamalizia na kushindwa: Juni 2025 pale Paris, alijaribu kukimbia maili moja, kama mita 1,609, chini ya dakika nne, ulimwengu wote umekaa unatazama, akatoka na 4:06. Siku tisa baadaye, Eugene kule Marekani, akavunja rekodi yake mwenyewe ya 1,500.

Dakika 24, ndefu kuliko zote, na sikuiweka kwenye spidi ya haraka kama nyingine. Nimeisikiliza mara tatu. Nina mtoto wa miaka miwili, nadhani mmenielewa.

Ndani ya voisi hiyo akamtaja Patrick Sang, kwamba ndo kocha wa Kipyegon na ndo yule yule wa Kipchoge, jirani wa kina Kipchoge kule Kapsisiywa, Nandi, ambaye Kipchoge akiwa kijana alikuwa anamfuata kuomba programu ya mazoezi, anapewa ya wiki mbili, ikiisha anarudi tena kuomba nyingine. Binti yangu wa kazi alikuwa anatoboa vifungo akanyanyua kichwa.

"Dada, huyo Sang yeye alishinda nini?"

Nikagugo pale pale. Fedha, kuruka viunzi na maji, Olimpiki ya Barcelona 1992.

"Sasa yeye mbona hawamsimulii siku yake?"

Nikakosa jibu. Anajifunza kwangu mwaka wa pili huu, mikono ya shati bado anaishonea nje ndani mara moja moja, na kila ninapomfumulia huwa nagomba kwanza. Siku hiyo sikugomba.

Kwa hiyo ujiunge? Kama ndo mara yako ya kwanza kusikia haya majina, elfu 15 sio mbaya, utapata hamu ya kuwatafuta mwenyewe, ila usiache kazi kwa voisi ya WhatsApp. Kama unawajua tayari, omba rafiki akufowadie siku ya 9 yaishe. Wanawake kwenye siku 21 walikuwa wawili tu, mwingine ni Tegla Loroupe, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, na naye dakika 12 zote kaishia ushindi wa New York 1994, ile Berlin 1999 aliyoweka rekodi ya dunia wala haikuguswa.

Jana nilimwandikia kocha faragha kwa adabu zote, nikamshukuru, nikampa pole ya msiba, nikamuomba awamu ijayo atutengee siku moja ya Patrick Sang na amrudishe yule mwalimu asimulie yeye. Amenijibu na kile kikatuni cha msuli na linki ya grupu la VIP, elfu 50.