Parachichi: uoteshe kokwa au ununue mche wa kubebeshwa?

Hapa Mikindani hili swali haliishi. Kwa hela, kokwa limeshashinda, umekula parachichi lako, unaliosha, unalizika nusu kwenye kopo la udongo, upande mpana chini ncha juu, wiki 4 mpaka 6 hivi linapasuka na kamzizi keupe kanachungulia. Ila subira sasa! Miaka 5 hadi 10, au zaidi, na tunda si lazima lifanane na lile ulilokula, langu lilikuja nyuzi tupu, watoto wakaligomea.

Wa kubebeshwa, yaani kitawi cha aina nzuri kimeunganishwa juu ya shina la kienyeji, unachuma miaka 3 au 4, na unajua unachuma nini. Ila usibabaishwe na Hass, ile aina ya parachichi ya baridi za Njombe na Rungwe, joto la pwani linaisumbua, ulizia aina zinazovumilia joto. Halafu machipukizi ya chini ya kiungio kata kila ukiyaona, la sivyo shina la kienyeji linammeza mwenzake.

Maji yakituama, uwe wa kokwa au wa kubebeshwa, mizizi inaoza.

Kiwanja kidogo cha mti mmoja, nunua mche. Una eneo kubwa kule Newala na haraka huna, zika makokwa, mengine utakuja kuyabebesha mwenyewe.