Jaketi na sweta za mitumba za Karume: nimezivaa Svalbard, hii ndo tathmini yangu

Wadogo zangu mliopata nafasi ya kwenda kusoma kule juu kabisa kaskazini kipindi cha kiangazi chao, msikimbilie kuagiza nguo mtandaoni kwa malaki, nendeni Karume. Karibu kila nilichovaa Svalbard nilikitoa kwenye mitumba pale Ilala na kilinitosha kabisa. Ila pana namna yake ya kununua, na kuna kitu kimoja sishauri mtu akanunue mtumba, nitakisema huko chini.

Kwanza mjue mnaenda wapi. UNIS, hicho chuo mnachoenda, kipo tangu 1993 Longyearbyen, mji mkubwa wa Svalbard, visiwa vilivyo chini ya Norway, digrii 78 kaskazini, yaani ukifika Norway bado unapanda ndege tena unavuka bahari kuelekea juu. Julai yao ni digrii 5, 6, 7 hivi. Mtu wa Dar akisikia 7 anaogopa hiyo namba, lakini wa kuogopwa ni upepo na maji, maana masomo mengi hayapo darasani, mnapakiwa kwenye boti mnaenda kwenye ile mito ya barafu inayoshuka mpaka baharini halafu unasimama muda mrefu unapima unaandika, jua lipo juu saa zote na halikusaidii kitu. Kwenye boti mnavalishwa suti kubwa ya kuokolea maisha, hiyo ni ya chuo, usiisumbukie. Sumbukia ya kuvaa ndani na ya juu.

Ya ndani iwe sufu. Tisheti za pamba ziacheni nyumbani, pamba ikipata jasho inabaki na maji na upepo ukikupiga hapo unatetemeka mpaka jioni, sufu hata ikiwa na unyevu bado inakupa joto. Sasa pale Karume kila sweta utaambiwa ni sufu. Nilichofanya, kuna mama anauza masweta tu, nikamuomba nivute uzi kwenye pindo la ndani niuchome, akacheka akaniambia "choma tu mwanangu, mzigo wangu naujua", akaniazimia na kiberiti. Uzi wa sufu ukichoma unanuka kama nywele zimeungua, unazima wenyewe na jivu lake linasagika kwenye vidole. Ule wa plastiki unayeyuka unakuwa kitone kigumu. Kati ya masweta aliyonitolea mengine yaliyeyuka na yeye mwenyewe akayatoa pembeni bila maneno, hapo nikajua huyu ni mtu wa kununua kwake. Elfu nane kila moja, mepesi, ya kubana mwili, ndo niliyoyavaa karibu kila siku.

Jaketi la juu ndo penye kazi. Usiangalie rangi wala jina la kampuni kwanza, ligeuze ndani nje. Yale ya kuzuia mvua yana utepe mwembamba umebandikwa juu ya kila mshono, pitisha kidole mshono mmoja mmoja, kama utepe umeachia au kitambaa cha ndani kinatoa unga mweupe kama ngozi inayobambuka, rudisha, hilo limekufa hata kama nje linang'aa. Halafu weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu, pumzi ikipita basi na upepo wa huko utapita. Kaka niliyenunua kwake alikuwa na chupa ya maji ya kunywa, akamimina kidogo begani maji yakasimama kama kwenye jani la mgomba, tukaelewana elfu thelathini na tano. Zipu ilikuwa inakwama, fundi wa cherehani palepale pembeni akaweka nyingine na kunipunguzia mikono nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake nasubiri. Huduma ya namna hiyo ukiagiza mtandaoni hawakupi.

Sasa viatu. Viatu vya kupandia milima vya mtumba hapana, kwa kweli hapana. Mwenzangu alinunua pea nzuri kabisa kwenye duka moja mjini, vinaonekana vipya, kumbe vilikaa miaka bila kuvaliwa na ile sponji ya soli huwa inaoza yenyewe taratibu hata kikiwa kabatini. Tukiwa kwenye mawe, mbali na mji, soli ikaanza kumeguka vipande kama keki kavu, akarudi boti amefungwa kamba mguuni. Hapo toeni hela mnunue vipya, vinavyopita kifundo cha mguu na visivyoingiza maji, vivaeni wiki kadhaa mitaani kabla ya safari.

Soksi za sufu chukueni nyingi na zisiwe na matundu, Longyearbyen ukiingia sehemu nyingi, chuoni humohumo, viatu vinavuliwa mlangoni, ni desturi imebaki toka enzi za wachimba makaa waliokuwa wanakuja na vumbi jeusi. Kwetu si jambo geni ila soksi zitaonekana. Glavu nunueni pea mbili, nyembamba ya sufu na kubwa ya kuvaa juu, maana nje ya mji hamtoki bila silaha kwa ajili ya dubu na mnafundishwa bunduki kwenye mafunzo ya usalama, na glavu nene peke yake kidole hakiingii penye kifyatulio. Wenzangu wa ushungi, ule mrefu wa pamba unalowa jasho chini ya kofia ya jaketi, mimi nilivaa ninja ya sufu aliyonishonea fundi yuleyule kutoka kwenye sweta kubwa, safi sana. Na khanga mbili za kufunga dirishani, kule jua halizami kuanzia Aprili mpaka karibu mwisho wa Agosti na pazia la chumba changu lilikuwa linapitisha mwanga.

Ah na viza, iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, Svalbard iko nje ya Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo ukirudi Norway bara unahesabika unaingia upya.

Karume nawapa 9 kwa 10, hiyo moja nimewakata kwa mawinga wanaokuvuta mkono toka barabarani. Nendeni asubuhi mapema robota linapofunguliwa, na nendeni Februari au Machi, Juni ikifika mnagombania jaketi na bodaboda wote wa mjini na wafanyabiashara wanaopeleka Njombe na Makete.