Steshenari iliyotuandikia barua ya kupinga ukuta wa ziwani, naipa nyota nne

Sina tabia ya kuandika riviu za steshenari, kutoa kopi ni kutoa kopi tu, ila hii imenifanya nishike simu. Iko Nyegezi, Mwanza, kibanda cha buluu, si mbali na stendi, mashine ya kopi mbili na kompyuta moja ambayo herufi M mpaka uigonge kwa hasira. Anaiendesha dada mmoja mtulivu kweli na mdogo wake anayesoma chuo hapo Malimbe.

Kilichotupeleka ni hivi, kuna mtu alikuja akapanda bikoni, zile nguzo za kuonesha mipaka ya kiwanja, ufukweni kwetu, anataka hoteli na ukumbi wa sherehe na ukuta ushuke mpaka karibu na maji, sasa njia yetu ya kwenda mwaloni inapita humohumo, mitumbwi inapaki hapo, kina mama wanaanika dagaa hapo, watoto wanachota maji hapo tukikatiwa bomba. Tukafanya mkutano wa mtaa chini ya mwembe, mikono ikanyooshwa, waliokataa walikuwa wengi tukashangilia tukaenda kulala. Wiki mbili baadae naulizia muhtasari naambiwa bado haujaandikwa. Yaani mikono yote ile ilibaki hewani.

Basi nikaandika barua mwenyewe usiku, kurasa tatu, dhuluma humo, unyonyaji humo, laana ya mababu humo. Dada akaisoma yote bila kucheka (hapo tu ningempa nyota mbili) alafu akavua miwani akaniuliza, "Kaka, toka maji yanapoishia mpaka bikoni ya kwanza ni mita ngapi?" Sijui. "Kapime kwanza ndo uje, hela yako sitaki kuila bure." Nikarudi kwetu kwa aibu nikaazima futi ya fundi ujenzi, mimi na kijana mmoja wa mwaloni tukapima tukapata mita 22.

Kumbe Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ufukwe wa ziwa. Anayo kwenye kompyuta maana sisi sio wa kwanza. Kurasa zangu tatu zikawa moja, laana zote akafuta, akaacha "tumesikitishwa" moja tu, mita 22 akaziweka sentensi ya pili, na chini akaongeza swali kama tathmini ya athari kwa mazingira imefanyika na wananchi gani waliulizwa. Kopi ya mtaa, ya halmashauri, ya NEMC kanda (lile baraza la taifa la mazingira), na moja ya kugongewa muhuri wa kupokelewa, "hii ndo yenu, msimwachie mtu hata akiwaambia atawaletea kesho".

Jedwali la sahihi pia alilichora yeye, akaweka na nafasi ya dole gumba. Bibi mmoja muuza sato anajua kuandika vizuri tu lakini akataka dole, anasema sahihi inabishiwa dole halibishiwi. Akaacha na magamba mawili juu ya jina la 17, kwenye kopi yakatoka madoa meusi jina halisomeki, dada akayabandua kwa wembe taratibu kama anampasua mtu jicho, akarudia kopi zote nne bure. Mnajua steshenari ngapi za mjini zingefanya hivyo? Unalipa doa na unashukuru.

Wakati tunasubiri, mdogo wake akatuambia wenzetu huko nje jambo kama hili wanalipigia kura ya maoni. Mzee wetu akauliza kura ya maoni ya chama gani, maana hapa ukisema hivyo watu wanawaza wagombea wa chama. Dogo akaeleza mji wa Grünheide, Ujerumani, Februari 2024, wakazi walipigia kura mpango wa Tesla, kampuni ya magari ya umeme, wa kukata msitu ili kupanua kiwanda, 1,882 wakakataa, 1,037 wakakubali. Mzee akapiga makofi. Ila ile kura ilikuwa ya ushauri tu, Mei mwaka huohuo baraza la mji likapitisha mpango uliopunguzwa, msitu wa kukatwa ukawa mdogo. Mzee akasema "ah, kumbe na wao wananyoosha mikono tu", lakini mimi nilibaki nawaza hiyo miti iliyobaki imesimama.

Bei: kutaipu buku kwa ukurasa, kopi mia, picha za rangi za bikoni mia tano mia tano, hapo niliona wametubana. Nyota niliyokata ni ya umeme, ukikatika hawana jenereta, tulikaa karibu saa nzima na feni limesimama.

Kuna majirani wamesusa kwenda pale, nao niwasemee. Kumbe wanaoitaka hoteli, bodaboda wengi na vijana wanaotafuta kazi ya ulinzi, nao orodha yao walichapia kwa huyuhuyu dada, karatasi moja ilisahaulika kwenye mashine jirani yetu akaiona. Tukamwambia dada tuoneshe basi wako wangapi. Akaichukua akaikunja akaiweka kwenye droo. "Na yenu wameiomba jana, sikuwapa." Watu wakanuna, mwingine akamwita ndumilakuwili. Mimi bodaboda siwalaumu, hoteli ni abiria, na orodha yangu ina namba za simu za mtaa mzima, kama ingekuwa inaoneshwa oneshwa tu ningekuwa wapi?

Barua ziligongwa muhuri Jumanne, majibu bado, bikoni bado zipo. Ukienda nenda asubuhi kabla umeme haujaleta mambo yake, na flashi yenye virusi utarudishwa nayo mlangoni.