Tiyo ya PVC ya kutolea tope ya ziwa: nyota 3 ku 5

Naanza na bei, juu najua ndiyo mutauliza kwanza. Tiyo ya PVC ya milimita 75, urefu mita 1.5, na bushoni mbili (vifuniko vya kufunga mwisho wa tiyo), dola 6, ku kenkayeri (duka ya vifaa vya kujenga) moja ya Birere, hapa Goma. Muuzaji akaniuliza "papa, ni ya choo ao ya maji ya paa?" nikamwambia hapana mudogo wangu, ni ya kuzamisha ku ziwa nitoe tope. Akaniangalia tu.

Nafundisha jeografia, nilitaka wanafunzi waone na macho yao vile tope inajipanga chini ya maji, ya zamani chini, ya juzi juu. Ku bahari meli za utafiti zinafanya vilevile, tope inaingia ndani ya tiyo ya plastiki, wanaikata vipande vya mita 1.5 (ndiyo juu ya nini nilichagua ile urefu), kisha wanapasua kila kipande mara mbili, nusu ya kupima, nusu ya kuchunga. Meli moja ya vile, JOIDES Resolution, ilipita 1997 mbele ya mdomo wa mto wetu Kongo, ikatoboa pale, na tope ya namna ile inakuwa na poleni (unga wa maua) ya miti ya barani pamoja na maganda ya vijidudu vya bahari, ndiyo wanasomea mvua na joto ya zamani.

Turudi ku tiyo. Plastiki iko nguvu, tuliigonga na nyundo juu ya kipande cha mbao, haikupasuka. Shida bushoni!! Ukishazamisha tiyo unafunga juu kabisa hewa isiingie, ndiyo tope inabaki ndani ukivuta. Yangu ilikuwa inacheza, tukavuta, tope yote pluu ikarudi ku ziwa mbele ya wanafunzi 14, acha wacheke. Mara ya pili nikazungushia mpira ya ndani ya tairi ya pikipiki, ikashika, tukapata sentimita 38. Katikati mulikuwa mustari wa muchanga mweusi, wote wakapiga kelele "Nyiragongo 2002!", ule mwaka volkano yetu ililipuka, nikawaambia polepole, hapa kando mawimbi yanachanganya kila kitu, na mvua inaleta muchanga wa lava kila siku, bila kupima hamujui mwaka.

Nilirudisha bushoni, patron akasema kitu ikishaguswa na maji haibadilishwe. Bushoni ya tiyo ya maji jamani! Yule kijana muuzaji ndiye alinitolea ingine kimyakimya, hiyo inafunga muzuri.

Mukienda, fungeni bushoni palepale mbele yao na mupulize na kinywa upande wa pili.