Uzoefu wangu na LM567, chipu inayosikiliza mlio mmoja

Nilitaka taa iwake pale tu mlio wa hezi 1000 unaposikika, na kelele nyingine zote zipite bila kuigusa. Nimeijenga saketi hiyo kwa LM567, chipu ya pini nane, na nimekaa nayo wiki kadhaa. Naipenda, lakini ilinitesa kwanza.

Hesabu yake ni nyepesi: zidisha rezista kwa kapasita kwa 1.1, kisha gawanya 1 kwa jibu hilo, unapata masafa. Kwa kapasita ya mikrofaradi 0.1, hezi 1000 zinadai takriban kilo-omu 9.1. Niliunganisha rezista ya kilo-omu 8.2 na poteshomita (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 2 ili niweze kurekebisha. Ukiwa na multimita inayopima hezi, iweke pini ya 5 bila kuingiza sauti yoyote. Chipu yenyewe inatoa mawimbi hapo, nawe unazungusha mpaka isome 1000.

Kapasita ndiyo iliyonisumbua. Nilianza na ya kauri, ya bei rahisi. Asubuhi saketi inafanya kazi vizuri, mchana haisikii kitu. Niliposogeza chuma cha kulehemu karibu na kapasita ile, bila hata kuigusa, masafa yalihama mbele ya macho yangu. Nikaweka ya poliesta na tatizo likaisha siku hiyohiyo. Hapo usibane matumizi kabisa.

Jambo la pili ni upana wa masafa inayoyakubali. Kapasita ya pini ya 2 ilikuwa mikrofaradi 1, na sauti za watu wakiongea zilikuwa zinaiwasha taa ovyo, kwa sababu upana ulikuwa umefika kikomo chake cha asilimia 14. Nikapandisha hadi 4.7, upana ukashuka kama nusu. Pini ya 1 nikaipa kapasita ya mikrofaradi 10, na taa ikaacha kupepesa. Gharama yake ni kwamba mlio sasa lazima udumu kidogo ndipo utambuliwe. Kwangu si shida.

Sauti inayoingia nimeiweka karibu na milivolti 200. Nikiizidisha sana, hata milio iliyo mbali na 1000 inaanza kuidanganya.

Tena, pini ya 8, ile inayowasha taa, haisukumi umeme, inauvuta kwenda chini. LED yangu ya kwanza niliiunganisha na ardhi nikadhani chipu imekufa. Iunganishe kutoka chanya, kupitia rezista, hadi pini hiyo.

Mimi naiendesha kwa volti 5 zilizotulia, na kwa mlio mmoja ningeichagua tena bila kusita. Kwa vitufe vya simu nisingeitumia: kila kitufe ni milio miwili kwa pamoja, na milio yote ni minane, kwa hiyo ungehitaji chipu nane na kuzirekebisha moja moja. Angalia pia usichanganye na LMC567, maana kwa rezista na kapasita zilezile inasikiliza masafa tofauti.