Visu 11 vya kabaidi kwa lezi ndogo: vitatu vya maana, vilivyobaki vya kujaza boksi

Ukiulizia visu vya lezi ndogo, mashine ya kukereza chuma, Mtwara mjini, boksi unalowekewa mbele ni hili: vipande 11, mpini wa mm 10, ncha ya kabaidi (madini magumu kuliko chuma) iliyoungwa kwa shaba, rangi ya buluu kila mahali. Bei inavutia. Ila usivifunge kwenye mashine kama vilivyo.

Kwanza kwangua rangi tumboni mwa mpini, la sivyo kisu kinakaa upande. Kisha simamisha skwea mbele ya ncha. Vingi humu chuma cha chini kimelingana na kabaidi, hakuna nafasi. Kisu hicho kinasugua badala ya kukata, na fundi anabaki kuilaumu mota. Chini ya ncha panatakiwa kurudi nyuma digrii 6 hivi, na hapo ndipo gharama ilipojificha: jiwe la kijivu la grenda halina ubavu kwa kabaidi, linachimbika lenyewe na kuichemsha ncha. Tafuta jiwe la kijani au la almasi. Ncha ikipata moto usiichovye majini, itapasuka. Mstari wa shaba ukiwa na ufa mweusi, mrudishie muuzaji kabla hujalipa.

Tatizo jingine si la seti, ni la kabaidi yenyewe. Inataka kasi. Chuma laini cha kipenyo cha mm 25 kwa mita 90 kwa dakika ni mizunguko kama 1,150. Haispidi, yaani chuma kigumu cha visu kisicho na kabaidi, kwa mita 25, inaridhika na 320. Kwa mwendo huo wa kabaidi lezi ndogo inatetemeka, na kabaidi inamegeka. Inamegeka pia umeme ukikatika kisu kikiwa kazini, au kwenye shafti yenye mfereji wa kii (kipande kinachofunga pulei kwenye shafti) unaoipiga kila mzunguko.

Kwa bushi za boti za Mikindani na shafti za mashine za kubangulia korosho, kipande cha haispidi kilichonolewa kwa mkono kinatoa uso safi zaidi. Mbele na ubavuni parudi nyuma digrii 8 hadi 10. Juu, mteremko wa digrii 12 kwa chuma. Kwa brasi juu pawe bapa kabisa, vinginevyo kisu kinajivuta ndani na kung'oa kazi kwenye chaki, taya zinazoishika.

Ncha ya kisu chochote iwe sawa kwa kimo na kitovu cha kazi inayozunguka. Bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha na kazi: ikisimama wima, sawa, kichwa chake kikikulalia wewe, kisu kiko chini, ongeza kipande cha bati chini ya mpini.

Vya kununulia boksi ni viwili vya kukereza, cha kulia na cha kushoto, kwa ajili ya pulei za chuma cha kusubu: ngozi yake yenye mchanga inaimaliza haispidi upesi. Mkato wa kwanza uingie chini ya ngozi, usiipapase. Cha tatu ni kile cha nyuzi cha digrii 60. Cha kukatia vipande ni kipana mno kwa mota ndogo. Kinakwama kabla hakijafika nusu.