Incognito: Waimbaji Hubadilika, Bendi Haibadiliki

Watazamaji wapenzi, santuri niliyoishika hapa ni Positivity, albamu ya mwaka 1993 ya Incognito, bendi ya Uingereza inayochanganya jazz, funk na soul, na anayetaka mchambuzi asiye na upendeleo atanisamehe leo. Orodha ya wanamuziki waliopita katika bendi hii ni ndefu mno, kwa hiyo nitamtaja mwenye nyumba tu: Jean-Paul Maunick, maarufu kwa jina la Bluey, mpiga gitaa mzaliwa wa Morisi aliyehamia London utotoni, akapitia kundi la Light of the World, kisha akaanzisha Incognito mwaka 1979.

Sikilizeni Still a Friend of Mine. Maysa Leak, Mmarekani kutoka Baltimore, anaingia kwa sauti nzito isiyo na haraka, Mark Anthoni anampokea, na nyuma yao gitaa linagusa mapigo mafupi bila kutaka kuonekana. Sasa nawawekea Always There ya mwaka 1991, kibao cha Ronnie Laws ambacho Bluey alimkabidhi Jocelyn Brown, kikapanda hadi nafasi ya 6 nchini Uingereza. Jocelyn anaimba kwa nguvu zote, ilhali Maysa anajizuia. Waimbaji hao hawafanani hata kidogo. Rudieni vibao vyote viwili, safari hii mkimwacha mwimbaji na kufuata besi na vyombo vya kupuliza, nanyi mtatambua kwamba anayepanga muziki ni mtu yuleyule. Tafadhali msitumie spika ya simu, kwa maana besi yote itapotea.

Bendi pinzani hazina uhuru huo wa kubadilisha waimbaji. Jamiroquai bila mwimbaji wake Jay Kay siwezi kuifikiria, na The Brand New Heavies, ambao nitawachambua katika video ijayo ya chaneli hii, wengi wetu tunawapima kwa sauti ya mwimbaji N'Dea Davenport.

Baada ya albamu ya kwanza, Jazz Funk ya mwaka 1981, ilipita miaka 10 kabla ya Inside Life kutolewa na Talkin' Loud, lebo ya Gilles Peterson. Huwa nasema kwamba Jazz Funk inawafaa wakusanyaji pekee, ingawa kila ninapoisikiliza kauli hiyo inapungua ukali. Albamu za karibuni, kama Tomorrow's New Dream ya mwaka 2019, zimepigwa kwa ustadi mkubwa, ila kwangu zimelainishwa kupita kiasi.

Kuhusu bei, wauzaji wa santuri za zamani wanajua wanachokishika, na baadhi yao hawana huruma. Ikiwa fedha ni chache, nunueni sidii ya Positivity, kisha mtafute Tribes, Vibes and Scribes ya mwaka 1992, ambamo Maysa anauimba wimbo wa Stevie Wonder, Don't You Worry 'bout a Thing, na kwa maoni yangu hamwachii Stevie nafasi kubwa ya kujivuna.